Uzi: Jose Diokno, wakili wa Ufilipino aliyeiondoa kesi yake mahakamani kisha akaenda kutetea za wenzake

Mto Ruvu (mtoa uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nitaupandisha kwa vipande, hivyo naomba mnivumilie.

Desemba 1973 mtu aliyekuwa kizuizini huko Manila aliiandikia Mahakama ya Juu ya nchi yake akiomba ombi lake la habeas corpus liondolewe. Alikuwa ametimiza miezi kumi na mitano ndani bila kusomewa shitaka lolote. Ombi lenyewe lilifunguliwa na mkewe, Carmen, kuitaka serikali imlete mahakamani na ieleze imemshika kwa sababu gani. Hakuna aliyemwahidi kwamba akiliondoa ataachiwa. Sababu yake aliiandika wazi: majaji walikuwa wamekula kiapo cha kuilinda katiba mpya ya Rais Ferdinand Marcos, katiba ambayo wengi wao walikuwa wamekiri kwamba haikupitishwa kwa njia inayotakiwa. Kwa maneno yake, wananchi wana haki ya kutegemea kwamba majaji wa mahakama ya juu kabisa watakuwa na dhamiri nyepesi kuguswa na akili nyofu kuliko zile zinazoonekana sokoni. Kwa hiyo hakutegemea tena haki kutoka kwao.

Mtu huyo ni Jose W. Diokno, aliyekuwa seneta na kabla ya hapo Waziri wa Sheria. Watu wake walimwita Ka Pepe.

Sasa sikilizeni. Aliachiwa Septemba 1974. Mwaka huohuo akakusanya mawakili wenzake wakaanzisha kundi la kutetea watu bure, likaitwa FLAG, na kazi yake ilikuwa kwenda mbele ya mahakama zilezile, chini ya utawala uleule, kuwatetea wakulima, wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani na makuli wa bandarini. Mahakama aliyoona haimfai yeye akaenda kuigongea mlango kwa niaba ya wengine kwa zaidi ya miaka kumi.

Nimesoma habari za watetezi wengi wa haki za binadamu, lakini huyu ndiye anayenifikirisha kuliko wote kwa sababu ya jambo hilo moja. Nataka tulijadili.

Mama Tunu

Endelea mwanangu. Nipo hapa nasoma. Huyu Marcos mimi namkumbuka kwa viatu vya mkewe tu, haya mengine hatukuyasikia.

Mto Ruvu

Shikamoo Mama Tunu. Ni kweli, viatu ndivyo vilivyotufikia.

Naendelea. Diokno alizaliwa Manila tarehe 26 Februari 1922, na alikulia kwenye nyumba ya siasa. Babu yake, Ananias Diokno, alikuwa jenerali katika mapinduzi ya kupigania uhuru. Baba yake, Ramón, alikuwa mwanasheria na seneta. Mwaka 1946 Ramón na maseneta wenzake wawili walizuiwa kukalia viti walivyovishinda, wakati ambapo bunge lilikuwa linajiandaa kuwapa Wamarekani haki sawa na wenyeji katika rasilimali za nchi. Ramón alikuwa upande wa waliopinga. Kijana wake alikuwa na miaka 24 wakati huo, na tayari ni wakili.

Namna alivyoupata uwakili nayo ni habari. Alisomea biashara chuo cha De La Salle, akamaliza 1940 akiwa na umri mdogo kiasi kwamba alihitaji ruhusa maalumu ili afanye mtihani wa taifa wa uhasibu. Akawa wa kwanza nchi nzima. Akaingia kusoma sheria, vita vikaja, Wajapani wakaingia na vyuo vikafungwa. Akajifungia na vitabu vya baba yake. Mwaka 1944 aliomba kibali Mahakama ya Juu afanye mtihani wa uwakili bila kuwa na shahada ya sheria, akakubaliwa. Akawa wa kwanza tena, alama 95.3, akilingana na Jovito Salonga ambaye naye baadaye alikuja kuwa seneta na mpinzani wa Marcos.

Desemba 1961 Rais Diosdado Macapagal alimteua Waziri wa Sheria. Haikupita hata nusu mwaka akawa ameshagusa pabaya. Machi 1962 aliamuru upekuzi katika ofisi na nyumba za Harry Stonehill, mfanyabiashara Mmarekani aliyekuwa na himaya ya tumbaku na biashara nyingine nyingi, pamoja na washirika wake. Nyaraka zilizokamatwa zilionyesha wanasiasa na maofisa waliokuwa wanapokea fedha zake. Macapagal alichofanya ni kumfukuza Stonehill nchini haraka, asishitakiwe, na Diokno akaondolewa uwaziri. Diokno aliuliza hadharani: serikali itawashitaki vipi waliohongwa ikiwa imemwachia mhongaji aende zake?

Kesi ya upekuzi ule ilibaki mahakamani kwa miaka mitano na ilibeba jina lake: Stonehill dhidi ya Diokno. Tarehe 19 Juni 1967 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati 42 za upekuzi zilizotumika zilikuwa batili, kwa kuwa zilitolewa kwa ujumla tu bila kutaja kosa mahususi, na kwamba vitu vilivyochukuliwa majumbani kwa hati za namna hiyo haviwezi kutumika kama ushahidi. Yaani alishindwa, na alishindwa kwa hoja nzuri. Miaka michache baadaye, wanajeshi walipoanza kuingia majumbani mwa watu usiku, hukumu hiyo iliyomwangusha waziri ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa kila wakili wa utetezi Ufilipino. Inafundishwa vyuoni hadi leo.

Chuma Chakavu

Mkuu, hapo naomba kuuliza kabla hujaenda mbali. Ina maana aliyekuja kuitwa baba wa haki za binadamu alianza kwa kuvunja haki za mtu kwa upekuzi batili?

Mto Ruvu

Mahakama ilisema hivyo na siwezi kuipinga. Hati alizipata kwa majaji, kwa utaratibu uliokuwa unakubalika siku zile, maana kabla ya hapo mahakama ilikuwa inapokea ushahidi hata kama umepatikana vibaya. Hukumu ile ndiyo iliyougeuza msimamo huo. Mimi nalitaja kwa sababu linaonyesha alikotokea. Alikuwa mtu wa serikali, mwendesha mashitaka, anayeamini kwamba dola ikiwa na viongozi safi itamaliza uchafu. Haki za mtuhumiwa alikuja kuzijua vizuri alipokuwa yeye ndiye mtuhumiwa.

Alichaguliwa seneta 1963, akarudi tena 1969, kwa tiketi ya Nacionalista, chama ambacho Marcos naye alikipanda kuingia ikulu 1965. Tarehe 21 Agosti 1971 mabomu ya mkono yalirushwa kwenye mkutano wa kampeni wa upinzani pale Plaza Miranda, Manila. Marcos akasema ni kazi ya wakomunisti na akasimamisha haki ya habeas corpus. Diokno akajitoa kwenye chama, akaanza kuongoza maandamano ya kudai uhuru wa raia. Kuanzia hapo alikuwa anahesabiwa miongoni mwa wapinzani wa Marcos.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1972 wanajeshi walifika nyumbani kwake kwenye saa saba usiku. Hawakuwa na hati. Mke na watoto wakiwa ndani (walikuwa na watoto kumi), wakamchukua. Usiku huohuo walimchukua Benigno Aquino, yule wanayemwita Ninoy, na waandishi, na wapinzani wengine. Asubuhi magazeti hayakutoka na redio zilikuwa kimya. Nchi ilitangaziwa baadaye siku hiyo kwamba iko chini ya sheria za kijeshi.

Nyanza_77

Sisi wa Kenya neno kizuizini tunalijua vizuri sana. Wazee wetu walikaa huko bila kesi, miaka. Endelea ndugu, nataka kujua walimfanyia nini ndani.

Mto Ruvu

Ndugu yangu Nyanza, kwa sehemu kubwa alikaa kambi ya Fort Bonifacio. Lakini Machi 1973 yeye na Aquino walifungwa vitambaa machoni, wakatiwa pingu, wakapandishwa helikopta bila kuambiwa wanapelekwa wapi. Walitua Laur, mkoa wa Nueva Ecija, ndani ya kambi ya Fort Magsaysay. Kila mmoja akawekwa chumba chake, madirisha yamezibwa kwa mbao, taa inawaka muda wote. Hawakuruhusiwa kuonana. Walinzi waliwataja kwa majina ya siri, mmoja Alpha na mwingine Delta. Walikaa hivyo mwezi mzima.

Wakati huo familia zilirudishiwa vitu vyao binafsi bila maelezo. Hebu fikiria wewe ni mke, unaletewa vitu vya mumeo na askari asiyesema neno. Carmen Diokno na Corazon Aquino walibaki kuulizia kila mahali waume zao wako wapi na kama wako hai.

Ndani, wale wawili walijuliana hali kwa kuimba. Mmoja anaimba wimbo wa taifa, mwingine anajibu kwa wimbo wa uzalendo uliokuwa umepigwa marufuku. Siku isiposikika sauti, mwenzake anajua kuna jambo.

Aquino alishitakiwa mbele ya tume ya kijeshi na mwaka 1977 akahukumiwa kifo, hukumu ambayo haikutekelezwa. Alipigwa risasi uwanja wa ndege wa Manila tarehe 21 Agosti 1983 aliporudi kutoka Marekani. Diokno hakushitakiwa kamwe. Karibu miaka miwili ndani, na hakuna karatasi hata moja iliyosema alikosa nini. Aliachiwa tarehe 11 Septemba 1974, siku ya kuzaliwa ya Marcos. Uhuru wa mtu ukatolewa kama zawadi ya sherehe! Siku sita baadaye, tarehe 17 Septemba, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika maombi ya habeas corpus ya kundi lile la Septemba 1972. Marcos akashinda. Ombi la Diokno likafutwa kwa kuwa mhusika ameshatoka.

Chuma Chakavu

Hapo ndipo penye shida yangu. Huyu mtu alishaona kwamba mahakama imekufa. Sasa anarudi kufanya nini? Wakili anapovaa joho na kusema "mheshimiwa jaji" mbele ya jaji wa dikteta, anampa dikteta uso wa sheria. Dunia inaambiwa: tazameni, Ufilipino kuna mahakama, kuna mawakili, kuna kesi. Bora angekaa kimya au angeingia msituni na wenzake. Nasema hivi kwa heshima.

Mto Ruvu

Mkuu, hoja yako ni nzito na wapo Wafilipino wengi waliokuwa wanasema hivyohivyo, na wengine waliingia msituni kweli. Nitakujibu kwa kadiri ninavyoelewa kazi ilivyokuwa inafanyika, maana jibu limo ndani ya kazi yenyewe.

FLAG aliianzisha pamoja na watu kama Lorenzo Tañada, mzee aliyekuwa seneta muda mrefu, na Joker Arroyo. Mwaka huohuo wa 1974 wakuu wa mashirika ya watawa wa Kikatoliki walianzisha kikosi cha kuwafuatilia wafungwa wa kisiasa, kikaja kuongozwa na Sista Mariani Dimaranan, mtawa ambaye naye alikuwa ameshawekwa ndani. Masista na wasaidizi wao walizunguka kambini. Wanaandika majina. Nani kakamatwa, wapi, lini, na kikosi gani, kapigwa vipi, kavuliwa nini, kawekewa umeme wapi. Mawakili wanachukua majina yale wanayageuza kuwa maombi ya mahakamani.

Sasa fikiria kijana wa kijijini amechukuliwa na gari la jeshi. Hana jina kubwa, hana ndugu mjini. Akiuawa usiku ule hakuna atakayejua. Lakini wakili akishafungua ombi, jina liko kwenye jalada, kuna kamanda ameulizwa kwa maandishi yuko wapi. Jaji anaweza kukataa ombi lote, ni kweli, na walikataa mengi. Ila kamanda ameshajulikana kwamba anaye. Kumpoteza mtu ambaye umeshakiri unaye ni kazi ngumu kuliko kumpoteza ambaye hakuna aliyemuulizia. Na siku akiletwa mahakamani, mama yake atamwona, na alama mwilini zitaonekana.

Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloeleza tofauti ya Diokno na wateja wake. Yeye alikuwa seneta na dunia ilimjua, kwa hiyo kuondoa ombi lake kulikuwa na sauti kuliko kubaki nalo. Mvuvi wa Samar akiondoa ombi lake, anapotea tu. Diokno alikataa kuwatoza wengine gharama ya msimamo wake.

Kuna jambo la pili. Hakutaka FLAG iwe ofisi ya kugawa huruma. Aliutofautisha msaada wa kisheria wa kawaida, ambao unamsaidia maskini mmoja katika kesi moja na kumwacha alivyokuwa, na ule aliouita wa kimaendeleo, ambao unachukua kesi zinazogusa chanzo cha umaskini na uonevu, na unamfanya mteja aijue sheria na ajipange na wenzake. Ndiyo maana mawakili hawa walionekana kwenye migomo ya wafanyakazi, kwa watu waliokuwa wanabomolewa vibanda mijini, na kwa wenyeji wa milima ya Cordillera waliokuwa wanapinga mabwawa ya mto Chico yasizamishe vijiji na makaburi yao. Kiongozi mmoja wa wenyeji hao, Macli-ing Dulag, aliuawa na wanajeshi nyumbani kwake usiku wa tarehe 24 Aprili 1980. Mabwawa yale hayakujengwa.

Na mawakili nao waliuawa. Zorro Aguilar wa FLAG alipigwa risasi mjini Dipolog Septemba 1984 pamoja na mwandishi wa habari Jacobo Amatong. Dikteta aliyeridhika kwamba mawakili wanampamba asingeacha wauawe barabarani. Hilo nalo ni jibu kwa hoja yako.

Deira Mashariki

Niko Dubai huu mwaka wa saba, nafanya kazi na Wafilipino. Nimemwonyesha mwenzangu wa zamu jina la Diokno, akasema kwao ni jina la barabara kubwa upande wa Pasay na kwamba shuleni walisoma kidogo tu. Lakini mwenzetu mwingine, mtu mzima, alikuja juu. Anasema wakati wa Marcos zilijengwa barabara na hospitali, na vurugu hazikuwepo, na kwamba hawa wa haki za binadamu ni kelele. Wakabishana mpaka zamu ikaisha. Nimeona nilete hapa kwa sababu ubishi huo ni uleule tunaousikia hata kwetu, kwamba maendeleo kwanza, haki baadaye.

Mto Ruvu

Asante sana kaka, hilo umelileta mahali pake. Diokno alilijibu mwenyewe, na mimi sijakutana na jibu lililonyooka kuliko lake. Alisema kuna visingizio viwili vinavyotumika kuhalalisha udikteta katika nchi zinazoendelea za Asia. Kimoja kinasema Waasia wamezoea kutawaliwa kwa mkono wa baba, na kwamba masikini mwenye njaa hana muda wa kufikiria uhuru. Kingine kinasema lazima uhuru uwekwe kando kwa muda ili uchumi ukimbie. Cha kwanza akakiita upuuzi wa kibaguzi. Cha pili akakiita uongo: utawala wa mabavu hauhitajiki ili kuleta maendeleo, unahitajika ili mambo yabaki yalivyo.

Ukitoa neno Asia ukaweka Afrika, hakuna herufi nyingine ya kubadilisha.

Na alikuwa anaongea akiwa mhasibu aliyeongoza nchi nzima kwenye mtihani na mtunzi wa sheria ya 1967 ya kuvutia uwekezaji. Huwezi kumwambia hajui uchumi. Aliona deni linapanda, aliona mashamba yako mikononi mwa wachache vilevile kama zamani, aliona marafiki wa ikulu wakigawiwa biashara ya sukari na nazi. Hospitali zilijengwa, kweli. Lakini Amnesty International inataja watu wapatao 70,000 waliofungwa katika miaka ya sheria za kijeshi, 34,000 walioteswa na zaidi ya 3,200 waliouawa. Mwambie huyo mtu mzima wa hapo kazini, kwa adabu, kwamba barabara haihitaji mtu kuwekewa umeme.

Mama Tunu

Hapo umenigusa. Mimi nimeona watu wakitishwa na neno maendeleo tangu nikiwa binti. Lakini niambie, Marcos alipoanguka huyu bwana alipewa nini?

Mto Ruvu

Mama, hapa ndipo habari inapouma.

Marcos alikimbia tarehe 25 Februari 1986, baada ya siku nne za umati kujaa barabara ya EDSA. Cory Aquino, yule mwanamke aliyekuwa anaulizia mumewe kambini pamoja na Carmen, akawa rais. Machi 1986 akaunda kamati ya rais ya haki za binadamu na kumweka Diokno mwenyekiti. Akampa na kazi ya pili: kuongoza ujumbe wa serikali kwenye mazungumzo na waasi wa kikomunisti. Alikuwa tayari anaugua saratani ya mapafu. Alifanya kazi zote mbili. Tarehe 10 Desemba 1986, siku ya haki za binadamu duniani, usitishaji wa mapigano wa siku 60 ukaanza.

Haukufika mwisho wake kwa amani. Tarehe 22 Januari 1987 maelfu ya wakulima waliandamana kuelekea ikulu wakidai ardhi. Walipofika daraja la Mendiola wakakuta polisi na wanamaji. Risasi zikapigwa. Waliokufa si chini ya 12, na waliojeruhiwa ni wengi. Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa serikali ya rafiki zake, iliyoingia madarakani kwa jina la haki.

Diokno akajiuzulu nafasi zote mbili. Binti yake, Maris, ambaye ni mwanahistoria, amesimulia kwamba ndiyo mara pekee familia ilimwona akikaribia kulia. Miaka miwili kasoro kizuizini hawakumwona hivyo. Tarehe 27 Februari 1987, siku moja baada ya kutimiza miaka 65, alifariki.

Chuma Chakavu

Pole kwa familia hata kama ni zamani. Lakini nitasema ninachoona. Mwaka 1962 aliondolewa uwaziri. Mwaka 1971 akajitoa chama. Mwaka 1973 akajitoa mahakamani. Mwaka 1987 akajiuzulu. Mtu anayejiuzulu kila mara anawaachia nafasi wabaya. Angebaki kwenye ile kamati angechunguza mauaji ya Mendiola.

Nyanza_77

Chuma, hapo sikubaliani na wewe. Kamati ni ya rais, na waliopiga risasi ni askari wa rais. Angechunguza kwa mamlaka ya nani? Hapa kwetu tumeona tume ngapi zikiundwa, ripoti zikawekwa kabatini. Mwenyekiti mwenye jina safi ndiye anayetafutwa ili ripoti ionekane safi. Yule mzee alikataa jina lake litumike.

Mto Ruvu

Naegemea kwa Nyanza, ingawa sipuuzi alichosema Chuma. Tazameni kilichofuata. Familia za waliouawa Mendiola zilifungua madai, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikasema serikali haiwezi kushitakiwa kulipa fidia ile kwa sababu dola ina kinga. Mwenyekiti mgonjwa aliyebakiwa na wiki tano za kuishi asingeugeuza mwenendo huo kwa kubaki ofisini.

Na pale alipojiuzulu hakuacha mahali patupu. Katiba mpya ilikuwa imekamilika na wananchi wakaipigia kura mwanzoni mwa Februari 1987. Ndani yake mna kifungu kinachounda tume huru ya haki za binadamu, chombo cha kikatiba, na kamati ya rais ikafa ili tume izaliwe. Mbele ya ofisi za tume hiyo leo kuna uwanja wenye jina lake na sanamu yake ndefu.

Jambo moja alilolisimamia hakuliona likitimia. Tangu 1983 yeye na Tañada waliongoza umoja wa kupinga kambi za kijeshi za Marekani, Clark na Subic. Tarehe 16 Septemba 1991 Seneti ilikataa kuongeza mkataba kwa kura 12 dhidi ya 11. Mzee Tañada alifikishwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu akiwa na miaka 93 kushuhudia.

Deira Mashariki

Na hao FLAG bado wapo? Na waliokuwa wameteswa walipata chochote?

Mto Ruvu

Wapo. Mwanawe, Chel Diokno, aliiongoza kwa miaka mingi. Rais Rodrigo Duterte alipoanza vita vyake dhidi ya dawa za kulevya 2016, polisi wenyewe walikiri baadaye kuua zaidi ya watu 6,000 katika operesheni, na mashirika ya haki yanasema waliokufa ni wengi kuliko hapo. Mwaka 2017 FLAG walikwenda Mahakama ya Juu kwa niaba ya familia, na mahakama ikaiamuru serikali itoe majalada ya vifo vile. Mnaona kitu kilekile, jina kwenye jalada. Machi 2025 Duterte alikamatwa Manila na kupelekwa The Hague, mahakama ya ICC, ambayo Wakenya humu wanaijua kuliko mimi. Chel mwenyewe aliingia bungeni katika uchaguzi wa 2025.

Kuhusu waliokuwa wameteswa, hapa Chuma naomba usome kwa makini maana linahusu swali lako la kwanza. Yale majina waliyoandika masista, yale maombi yaliyokataliwa na majaji, havikutupwa. Kesi ilifunguliwa Hawaii, alikokimbilia Marcos, kwa niaba ya waathirika 9,539, na mwaka 1995 wakapewa ushindi wa karibu dola bilioni mbili, ingawa kuzipata fedha hizo ikawa vita nyingine. Mwaka 2013 Ufilipino yenyewe ikatunga sheria ya kuwatambua na kuwalipa kwa peso bilioni 10 zilizotolewa kwenye fedha za Marcos zilizokuwa Uswisi. Bodi iliyoundwa ikawatambua watu 11,103. Mtu aliyeteswa 1977 alitakiwa athibitishe, miaka karibu arobaini baadaye, kwamba aliteswa. Waliokuwa na karatasi ya enzi zile walikuwa na pa kuanzia.

Chuma Chakavu

Hapo nimekuelewa kuhusu mahakama. Kuhusu kujiuzulu bado nina msimamo wangu. Na huyo Macli-ing umempitia kwa sentensi mbili, hujatutendea haki.

Mto Ruvu

Kweli mkuu. Mabwawa yale yalikuwa na fedha za Benki ya Dunia ndani yake, na namna vijiji vya Kalinga na Bontoc vilivyoungana kwa mikataba yao ya jadi ya amani ni habari ndefu. Anastahili uzi wake peke yake. Nitaupandisha wiki ijayo nikijaliwa.